Mtunga Programu baina ya Ajira ya Kudumu na Kazi ya Mkataba



Suala nililoombwa kulizungumza ni hili: mtunga programu za kompyuta, aliyehitimu na mwenye ustadi wa kazi yake, afungamane na mwajiri mmoja kwa ajira ya kudumu, au auze maarifa yake kwa mikataba, leo kwa huyu na kesho kwa yule? Aghalabu suala hili huulizwa kana kwamba ni la fedha peke yake, na jawabu lake hutafutwa kwa kulinganisha mshahara wa mwezi na malipo ya mkataba, na yule aonaye tarakimu ya pili imeishinda ya kwanza hudhani kuwa shauri limekwisha. Rai yangu, nitakayojitahidi kuithibitisha kwa mambo yaliyotokea na kwa hesabu, ni kwamba katika makubaliano haya, pamoja na saa za kazi, huuzwa khatari: khatari ya maradhi, ya kukosa kazi, ya uzee, ya mradi kuvunjika katikati, na kwamba swali la kwanza la mtu mwenye busara ni kujua khatari hizo zimetwikwa nani, na kwa bei gani.

Yafaa kwanza tupambanue, maana katika mazungumzo ya kila siku watu wawili wasiofanana huitwa watu wa mkataba. Yuko mwajiriwa wa muda maalumu, ambaye mkataba wake una tarehe ya mwisho lakini ndani ya muda huo ana likizo, ana mchango wa hifadhi ya jamii na hawezi kufukuzwa ovyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 14, iliitambua ajira ya namna hii kwa wanataaluma na watu wa ngazi ya uongozi. Na yuko mtoa huduma, anayepeleka ankara mwisho wa mwezi, akalipwa, na ambaye kwa maandishi si mwajiriwa wa mtu yeyote. Ninaposema kazi ya mkataba leo namkusudia huyu wa pili, kwa sababu huyu wa kwanza ni mwajiriwa kamili na hana haja ya mhadhara.

Kisa chenye mafunzo makubwa kuliko vyote katika mlango huu ni cha Microsoft, nami nitakisimulia kwa urefu kwa kuwa ndani yake zimo takriban hoja zote zinazobishaniwa hadi leo. Katika miaka ya mwisho ya 1980 kampuni hiyo, ambayo makao yake yako Redmond katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilikuwa ikikua kwa kasi na ikihitaji watu wengi kuliko iliotaka kuwaajiri. Basi ikawachukua wajaribu wa programu, wahariri wa vitabu vya maelekezo, wasahihishaji na wapangaji wa kurasa, ikawatilisha saini hati zilizosema kwamba wao ni watu wanaojitegemea, kwamba kodi zao watazilipa wenyewe, na kwamba hawatakuwa na fungu katika stahili za waajiriwa. Baada ya saini hiyo waliingia katika majengo yale yale, wakafanya kazi zile zile kwa saa zile zile pamoja na waajiriwa, chini ya wasimamizi wale wale na kwa vifaa vilivyonunuliwa na kampuni. Na kilichowatenga na wenzao ni kwamba wao walilipwa kwa ankara badala ya kupitia orodha ya mishahara, na kwamba beji walizovaa zilikuwa za rangi nyingine.

Mwaka 1989 na 1990 wakaguzi wa mamlaka ya kodi ya Marekani walilichungua jambo hili, wakatazama mwenendo wa kazi wala si maneno ya hati, wakaamua kwamba watu hawa ni waajiriwa. Kampuni ilikubali, ikalipa kodi iliyodaiwa, ikawaajiri baadhi yao, na wengine ikawaelekeza kwa mawakala wa wafanyakazi ili waendelee na kazi zao wakiwa sasa ni watu wa wakala. Wanane miongoni mwao walikwenda mahakamani mwaka 1992, katika shauri linalojulikana kwa jina la Vizcaino, na yafaa tuyatazame vizuri madai yao. Kubwa walilolitaka lilikuwa haki ya kununua hisa za kampuni kwa asilimia 85 ya bei ya soko, kama walivyoruhusiwa waajiriwa. Na kwa kuwa thamani ya hisa hizo ilipanda mara nyingi katika miaka ya 1990, mtu aliyefungiwa mlango huo alifungiwa mali ambayo ujira wa saa, hata ungekuwa mnono namna gani, usingeweza kuifidia. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliwapa haki mwaka 1996, jopo kubwa la majaji likaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1997, na mwezi wa Desemba 2000 kampuni ikakubali kulimaliza shauri kwa dola milioni 97.

Ningependa kuwaambieni kwamba kisa kiliishia katika ushindi huo, lakini sivyo. Kampuni iliweka kanuni mpya ya kwamba mfanyakazi wa wakala akitimiza mwaka mmoja sharti aondoke kwa siku 100 kabla ya kuruhusiwa kurudi, asije akadai kwamba amekuwa mwajiriwa. Haki iliyopatikana mahakamani iliwafidia waliotangulia, na waliowafuata ikawajengea ukuta. Hilo ni la kukumbukwa na kila anayedhani kwamba sheria peke yake, pasipo nia njema ya waajiri na pasipo umoja wa wafanyakazi, yatosha kuleta insafu.

Waingereza walilikabili jambo hili hili kutoka upande wa kodi. Watunga programu wengi wa London walikuwa wameanzisha kampuni za mtu mmoja mmoja, wakijilipa gawio badala ya mshahara, na hazina ya serikali ikaona kwamba inapoteza. Mwezi wa Machi 1999, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha, ikatolewa taarifa yenye namba IR35, na namba hiyo ikawa ndiyo jina la kanuni iliyoanza kutumika Aprili 2000. Kipimo chake kilitokana na mashauri ya zamani, mashuhuri miongoni mwao likiwa lile la dereva wa lori la zege, linalotajwa kwa mwaka 1968, ambamo Jaji MacKenna aliuliza: je, mtu huyu analazimika kuifanya kazi kwa nafsi yake, na je, yuko chini ya amri ya mwingine katika namna ya kuifanya? Tangu Aprili 2017 kwa taasisi za umma, na Aprili 2021 kwa kampuni za kati na kubwa, jukumu la kujibu maswali hayo liliondolewa kwa mtunga programu likapewa mteja wake, na benki kubwa kadhaa, kwa kuogopa kukosea, ziliacha kabisa kuwachukua watu wenye kampuni zao. Mwezi wa Septemba 2022 Kwasi Kwarteng, Waziri wa Fedha wa wakati huo, alitangaza kuyafuta mageuzi hayo, na mwezi uliofuata mrithi wake, Jeremy Hunt, akaufuta ufutaji wenyewe. Lililo zito kwangu katika mambo yote haya ni kwamba mtu aweza kuhesabiwa mwajiriwa anapotozwa kodi na asihesabiwe mwajiriwa anapougua. Na hiyo, kwa kipimo chochote cha haki, ni dhulma.

Sasa turudi kwetu. Wengi wa vijana wetu wanaotia saini hati za utoaji huduma hawajui kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, nayo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61 inamdhania mtu kuwa ni mwajiriwa, hadi kinyume chake kithibitishwe, ikiwa hata moja tu kati ya alama kadhaa itapatikana: kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya usimamizi wa mwingine, kwamba yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi, kwamba maisha yake ya kiuchumi yanamtegemea huyo, kwamba amepewa vifaa vya kazi, au kwamba anamfanyia kazi mmoja huyo peke yake. Fikirini, basi, habari ya kijana anayefika ofisini saa mbili asubuhi, akitumia kompyuta ya ofisi, akiomba ruhusa ya kwenda kumzika babu yake, na ambaye kila mwezi anaambiwa alete ankara. Kijana huyu ana alama zote, na hakuna aliyemwambia.

Namna za kumtawala mtu zimebadilika pia. Katika soko la kazi za intaneti la Upwork, ambalo wako vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waliolifanya kuwa shamba lao, anayelipwa kwa saa huwasha programu inayopiga picha ya kioo cha kompyuta yake takriban mara moja katika kila dakika kumi, ili mteja wa nchi ya mbali aone kwamba mtu yuko kazini. Mwajiriwa wa kudumu katika ofisi nyingi hapewi mlinzi wa namna hiyo. Simlaumu mteja anayetaka kuhakikisha fedha yake inakwenda wapi, wala sikatai kwamba picha hizo humlinda mfanyakazi dhidi ya mteja asiyetaka kulipa. Nasema tu kwamba uhuru unaosifiwa sana katika kazi ya mkataba hauji wenyewe kwa kuwa hati imeutaja.

Nimeahidi hesabu, nayo ni hii. Tuchukue mtunga programu anayepata mshahara wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi, yaani 36,000,000 kwa mwaka. Akiambiwa aache ajira na ataje bei ya siku moja, huigawa fedha hiyo kwa siku 260 za kazi zilizomo katika majuma 52, akapata kama shilingi 138,000. Akiahidiwa 160,000 hurukaruka kwa furaha. Lakini siku hizo 260 mwajiriwa hulipwa zote, na mtoa huduma hulipwa zile tu alizofanya kazi. Sheria yetu humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, ambazo ndani yake siku za kazi ni 20, toa hizo. Toa sikukuu za umma zinazoangukia siku za kazi, tukadirie 12. Toa siku nane za homa na za misiba. Kisha toa majuma sita baina ya mkataba na mkataba, ya kutafuta wateja, kuandika maombi na kungoja majibu, nayo ni siku 30. Zimebaki 190. Kwa upande wa pili ongeza ule mchango wa asilimia 10 ambao mwajiri humwekea mfanyakazi wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, shilingi 3,600,000 kwa mwaka, kwani mtu aliyejiajiri aweza kujiandikisha katika mfuko huo lakini fungu la mwajiri sharti alitoe mfukoni mwake. Gawanya 39,600,000 kwa 190, utapata zaidi kidogo ya shilingi 208,000. Hiyo ndiyo bei ya siku inayomrudisha mahali alipokuwa, nusu zaidi ya ile aliyoidhania, na bado hatujataja bima ya afya, kompyuta, umeme, wala mteja anayechelewesha malipo kwa miezi mitatu.

Na ikiwa mtunga programu huyo ni mwanamke, na Mungu akamjaalia mtoto katika mwaka huo, sheria humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mtoa huduma hana hata moja. Ziondoe siku 60 za kazi zilizomo humo, zibaki 130, na bei ya siku itapanda hadi zaidi ya shilingi 304,000, bei ambayo hakuna mteja atakayekubali kuilipa kwa sababu hiyo. Tunapowahimiza binti zetu waingie katika taaluma hii, kisha tukaigeuza taaluma nzima kuwa ya ankara, tunawafungulia mlango wa mbele na kuwatoa kwa mlango wa nyuma. Sijaona jambo hili likizungumzwa kwa uzito linaostahili, nami naliona kuwa ndiyo hoja kubwa kuliko zote za upande wa ajira.

Iko hoja nyingine inayohusu ustadi wenyewe. Programu si nyumba inayokabidhiwa funguo ikaachwa. Hukaa ikibadilishwa miaka na miaka, na makosa ya mpango wake wa awali hudhihiri baadaye, watumiaji wanapoongezeka, sheria za nchi zinapobadilika, au seva zinapozidiwa siku ya mwisho wa mwezi. Anayeondoka baada ya miezi sita hayaoni matokeo ya alichokitunga. Aliyebaki ndiye anayeamshwa usiku wa manane, na katika kuamshwa huko ndimo anamojifunza kwa nini jambo lililoonekana zuri lilikuwa baya. Taasisi nazo hupoteza kumbukumbu zisipokuwa na watu wa kudumu. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama hadharani kuwaomba watu wanaoijua lugha ya kutungia programu ya COBOL wajitolee, kwa kuwa mitambo ya jimbo lake, yenye umri wa zaidi ya miaka 40, ilizidiwa na maombi ya watu waliopoteza kazi, na wanaoielewa walikuwa wachache mno.

Hata hivyo sitawatendea haki wale waliochagua mkataba kwa hiari na kwa akili timamu nikinyamaza hapa. Pwani yetu inalijua shauri hili tangu zamani. Makuli wa bandari ya Mombasa, kabla na baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947 uliowatoa kazini watu zaidi ya 10,000 na kulifanya jina la kiongozi wa wafanyakazi Chege Kibachia lijulikane nchini kote, wengi wao walikuwa wakifanya kazi za kutwa kwa kupenda, siku chache bandarini na siku nyingine katika mashamba yao au shughuli zao. Na serikali ya kikoloni, iliyowaona kuwa watu wasiofungika, ilikazana katika miaka iliyofuata kuwaandikisha na kuwafanya wa kudumu, na asiyehudhuria siku za kutosha alifutwa. Ajira ya kudumu, kwa hiyo, haikuja daima kama fadhila. Mara nyingine ilikuja kama kamba. Na wapo watunga programu wa leo, wenye umri wa utu uzima, akiba ya mwaka mzima na jina linalojulikana, ambao wameikata kamba hiyo wakapata muda wa kulea watoto wao, kusoma, na kuikataa kazi isiyowapendeza. Watu hao wananunua uhuru kwa bei wanayoijua. Nawaheshimu.

Wala tusijidanganye kwamba kilichoitwa cha kudumu kinadumu. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 na kufungua milango Nairobi mwaka uliofuata, iliwaajiri vijana, ikawafundisha, ikawalipa mshahara, na kuwaazima kwa kampuni za nje. Mwezi wa Septemba 2019 ikatangaza kupunguza watu wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa kuwa wateja walikuwa wakitaka wenye uzoefu mkubwa na wale walikuwa wachanga. Novemba 2022 Meta iliwaachisha kazi watu 11,000, na Januari 2023 Google ikafuata kwa 12,000. Hao walikuwa waajiriwa wa kudumu. Tofauti yao na mtoa huduma ni kwamba walipoondoka walikuwa na notisi, kiinua mgongo na sheria ya kushika. Si haba, lakini si milele.

Neno la mwisho kabla ya hukumu yangu, nalo ni la milki. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, humpa hakimiliki yule aliyeagiza kazi kama inavyompa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine; Marekani ni kinyume, kwani Mahakama ya Juu ya huko iliamua mwaka 1989, katika shauri la mchonga sanamu James Earl Reid, kwamba fundi asiye mwajiriwa hubaki mwenye kazi yake pasipokuwa na maandishi ya kuihamisha. Kijana wa Nairobi anayemtungia programu mteja wa Chicago yumo baina ya sheria hizi mbili, na hati isemayo ni sheria ya nchi gani itakayofuatwa yaweza kuamua mali ni ya nani.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa anayeanza, ajira ya kudumu ni bora, hata kwa mshahara mdogo kidogo, kwa sababu bado anahitaji wakubwa wa kumsahihisha na muda wa kuyaona makosa yake yakizaa. Kwa aliyekomaa, mwenye akiba na wateja zaidi ya mmoja, mkataba ni njia ya heshima, mradi bei yake imehesabiwa kwa siku 190 wala si kwa 260. Lililo baya kwa wote ni lile la katikati: kuwa mwajiriwa katika utii na mgeni katika haki. Nawasihi waajiri waliopo hapa, hasa wa mabenki na wa taasisi za umma, ambao wanajua wanachokitenda, wawaandikishe watu wao. Na Wizara inayoshughulikia kazi nayo itume wakaguzi katika ofisi za kompyuta kama inavyowatuma viwandani. Nanyi vijana, msitie saini siku mnayopewa karatasi. Ichukueni, mkaisome usiku kifungu kwa kifungu, mtazame saa za kazi zinapangwa na nani, kompyuta ni ya nani, na kama mnaruhusiwa kumfanyia kazi mtu mwingine. Na mkikuta mnaamrishwa kama waajiriwa huku mnaitwa watoa huduma, irudisheni asubuhi na mseme kwa adabu kwamba mnataka mkataba wa ajira.